TAHADHARI: Muuzaji wa saa za Kinetic "zisizohitaji betri maisha yote"

Wadau wa saa, kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na saa za Seiko Kinetic zilizotumika. Maelezo yake hayabadiliki: "Haihitaji betri maisha yote, inajichaji kwa mkono wako." Picha ni kali, video ni ya sekunde chache mshale ukitembea, kisha anakuharakisha ulipe kabla mteja mwingine hajaichukua. Baadhi ya saa hizo zimefika mezani kwangu baada ya wenyewe kuchoka kumpigia simu asiyepokea. Simtaji, maana akaunti anabadilisha kila mara na mbinu yenyewe si ya kwake peke yake. Mbinu ndiyo ninayotaka muijue.

Ili umkamate lazima ujue mashine inavyofanya kazi. Kinetic ni saa ya kwatsi (quartz, madini yanayotetema yakipitishiwa umeme). Kinachoshika muda ni kipande cha kwatsi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na mshale wa sekunde huruka mara moja kila sekunde, kama saa nyingi za betri. Kilicho tofauti ni umeme unakotoka. Ukitembeza mkono, chuma kizito cha nusu duara kinazunguka nyuma ya mashine na kusukuma gia, nazo gia zinazungusha rota ndogo ya sumaku kwa kasi inayoweza kufika mizunguko 100,000 kwa dakika, na koili (waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi) iliyo jirani inatoa umeme; hiyo ndiyo jenereta yake. Seiko waliionyesha teknolojia hii kwenye maonyesho ya saa ya Basel, Uswisi, mwaka 1986 na kuiingiza sokoni 1988 kwa jina la AGS (Automatic Generating System). Jina la Kinetic lilikuja baadaye.

Umeme huo ukishazalishwa lazima uhifadhiwe, na hapo ndipo penye utapeli. Saa za mwanzo zilihifadhi kwenye kapasita (kifaa kidogo cha kutunzia umeme), za baadaye kwenye betri ndogo ya lithiamu inayochajika. Vyote viwili huzeeka. Kapasita za miaka ya 1990 ndizo zilizoipaka Kinetic matope: jenereta nzima, mashine nzima, lakini saa haishiki chaji, ukiivua jioni asubuhi imekufa. Saa ya namna hiyo si mbovu, inahitaji kifaa kipya cha kuhifadhia umeme tu. Muuzaji anajua hilo vizuri. Ndiyo maana anaitikisa kwa nguvu kwanza, anarekodi video yake, anaituma, na wewe ukilalamika anakujibu: "Hujaivaa vya kutosha, itikise."

Hilo walau lina nafuu. La pili ndilo lililonifanya niandike. Juzi nimefungua saa yake moja iliyokuwa ikienda vizuri tu. Pale inapokaa betri ya kuchajika palikuwa na betri ya kawaida ya oksidi ya fedha, ya volti 1.55, ile ya saa zisizojichaji. Haikutosha pale vizuri, hivyo mtu alikunja kipande cha foili kuizibia pengo ili igusane na chuma. Ukingoni ilikuwa imeshaanza kutoa ukoga mweupe, umbali mdogo tu kutoka kwenye koili yenye waya mwembamba kuliko unywele. Mnunuzi alikuwa akiivaa kila siku, maana yake kila akitembea jenereta ilikuwa inalazimisha chaji kuingia kwenye betri isiyoundwa kuchajiwa. Seiko wenyewe katika vitabu vya maelekezo wanakataza waziwazi jambo hili: betri hiyo inaweza kupasuka, kupata joto kali au kushika moto. Yaani mtu ameuziwa hatari akaifunga kwenye kifundo cha mkono, na muuzaji amepata video nzuri ya saa inayotembea. Huo si uzembe wa fundi. Anayejua kukunja foili anajua anachokifanya.

Namna ya kumbana ni hii. Usikubali video ya papo kwa papo. Mwambie aiweke saa mezani usiku mzima bila kuigusa, kesho yake arekodi bila kuinyanyua kwanza. Ukiona mshale unaruka sekunde mbili kwa mkupuo, saa inakuambia imebakiwa na umeme kidogo sana. Saa nyingi za Kinetic zina pia kitufe karibu na namba 2. Ukikibonyeza, mshale wa sekunde unakimbia kuonyesha akiba. Kwenye mashine ya Kinetic yenye namba 5M62, kukimbia sekunde 30 ni akiba ya miezi minne hadi sita, na sekunde 5 ni siku chache tu. Kwenye mashine za zamani tafsiri ni nyingine. Ila usikiamini kitufe kikibonyezwa mara tu baada ya kutikisa, kwa sababu kinasoma volti, na kifaa kilichochakaa hupanda volti upesi kikashuka upesi vilevile. Hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Omba picha ya mfuniko wa nyuma. Tarakimu na herufi nne za mwanzo ndiyo namba ya mashine: 5M42, 5M43, 5M62 ni Kinetic. Ukikuta 7S26, hiyo ni otomatiki ya spring isiyo na umeme wowote, hata uso wake uandikwe nini. Na kama uso unasema Kinetic lakini mshale wa sekunde unateleza badala ya kuruka, kitu hicho kimetungwa. Kisha omba picha ya ndani, mfuniko ukiwa umefunguliwa. Muuzaji mkweli anaweza kukataa kwa kuogopa kuharibu mpira wa kuzuia maji, na hilo linaeleweka. Basi akubali ifunguliwe na fundi wako kabla hujalipa. Huyu wetu akifikishwa hapo huzima simu.

Mjue pia kwamba anayekuuzia kwa uaminifu atakuambia lini kifaa cha kuhifadhia kilibadilishwa, na kwamba saa hii haipendi kukaa droo miezi na miezi ikiwa tupu. Inataka kuvaliwa. Mafuta ya gia nayo hukauka, hivyo kuisafisha kwa fundi bado kupo palepale. (Wapo wanaoichaji juu ya chaja ya mswaki wa umeme. Inafanya kazi, ila mimi siyo mtu wa kushauri hivyo.)

Kama tayari umenunua kwake na saa inatembea, usiifurahie kwanza. Ivue, mpelekee fundi anayeijua Kinetic, amtafute yule mgeni wa oksidi ya fedha na kumtoa, asafishe ukoga kabla haujafika kwenye koili, aweke kifaa sahihi cha mashine hiyo pamoja na mpira mpya wa mfuniko. Betri iliyotolewa usiitupe. Kabla haijatolewa, ipige picha ikiwa bado ndani, pamoja na namba ya mfuniko na mazungumzo yenu yote, uambatanishe kwenye malalamiko kwa mtandao uliolipia.