Tathmini: Semina ya Kuwaongoza Gen Z Kazini

Semina hii ya siku moja, inayouzwa kwa mameneja na maafisa wa rasilimali watu jijini Nairobi, inaahidi kumfundisha mwajiri namna ya kuishi na Gen Z, kizazi cha vijana ambacho, kwa mujibu wa tangazo lake, hakivumilii kazi. Ada yangu ililipwa na mwajiri, na kwa kuwa wenzangu kadhaa wameniuliza kama inafaa wawapeleke watu wao, nitaeleza niliyoyaona ukumbini.

Maandalizi hayakuwa na dosari: ratiba ilifuatwa, chakula cha mchana kilistahili hoteli yenyewe, na mwezeshaji anajua kuzungumza. Tatizo ni alichokizungumza. Somo la asubuhi lilijengwa juu ya vipande vya habari za televisheni na vichwa vya magazeti, kama vile kijana aliyeacha kazi kwa ujumbe wa WhatsApp, au mzee anayefika ofisini kabla ya mlinzi kufungua lango. Picha za maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha zilionyeshwa kuthibitisha kwamba vijana hawaheshimu mamlaka, ingawa wengi wetu tunakumbuka kuwa vyombo vya habari viliwasifu vijana hao hao kwa ujasiri wiki ile. Kisa kimoja cha kuchekesha kilihesabiwa kuwa ushahidi, na kila aliyecheka akahesabiwa kuwa shahidi.

Kisha tukaonyeshwa jedwali la vizazi, kuanzia waliozaliwa kati ya 1946 na 1964 hadi Gen Z wa 1997 na kuendelea. Mipaka hiyo ni ya Marekani, ambako watoto walianza kuzaliwa kwa wingi baada ya Vita Vikuu vya Pili na wimbi hilo likatulia katikati ya miaka ya 1960. Kenya ilifikia kilele chake cha uzazi mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke alipokadiriwa kuzaa watoto wanane kwa wastani. Kwa hiyo watu ambao jedwali liliwaita Gen X, yaani waliozaliwa kati ya 1965 na 1980, eti kizazi kidogo kilichosahaulika, ndio walioyafurisha madarasa yetu. Pew Research Center, taasisi ya Marekani iliyosaidia kueneza mpaka wa 1997, ilitangaza mwaka 2023 kwamba itakuwa na tahadhari zaidi katika kuyatumia majina hayo, na ripoti ya National Academies, taasisi za kitaifa za sayansi za huko huko, iliyotolewa mwaka 2020, ilihitimisha kuwa utafiti hauungi mkono kuwasimamia wafanyakazi kwa kuwagawa kwa vizazi. Kijitabu tulichopewa hakitaji lolote kati ya hayo.

Baada ya chakula, mama mmoja anayesimamia washonaji katika kiwanda cha EPZ, yaani eneo la viwanda vinavyouza bidhaa nje ya nchi, huko Athi River aliuliza kwa nini vijana wake hawakai zaidi ya miezi mitatu. Mwezeshaji akamjibu kwamba Gen Z hutafuta kazi yenye maana, akamshauri awatengee siku ya kuvaa wapendavyo. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Lakini mwalimu, mkataba wao ndio wa miezi mitatu." Ukumbi ukacheka, slaidi ikabadilishwa.

Jambo hilo la mikataba ndilo lililostahili kutuweka pale hadi jioni. Wengi wa wazee wanaosifiwa kwa uaminifu waliingia kazini wakati ambapo Serikali iliwachukua wahitimu wa vyuo karibu moja kwa moja, ikawapa ajira ya kudumu na pensheni. Masharti ya marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1990, yaliyotoka kwa wakopeshaji wa kimataifa, yaliubana mlango huo, na mwaka 2009 umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ukasogezwa kutoka miaka 55 hadi 60, hivyo hata viti vilivyokuwapo vikachelewa kuachwa wazi. Televisheni inapomweka mzee mtiifu kando ya kijana asiyetulia, haituonyeshi barua ya ajira ambayo kila mmoja wao amepewa, na semina hii nayo haikuiulizia.

Kipindi kifupi cha jioni kuhusu namna ya kumweleza mfanyakazi kosa lake bila kumwaibisha kilikuwa kizuri, na kingemfaa mfanyakazi wa umri wowote. Mwajiri anayetaka kuwapumzisha mameneja wake hatajuta. Anayetaka kujua kwa nini watu wake wanaondoka atumie ada ile kumlipa mtu awapigie simu waliokwisha kuondoka, na awaulize.