Epoksi ya gereji: nyota moja, na hiyo moja ni ya kona ya mlangoni

Sijawahi kuandika maoni kuhusu kitu nilichonunua, hata yule aliyeniuzia friji ikafa siku ya pili nilimwachia Mungu, lakini hii sakafu ya epoksi, ile rangi nzito ya kung'aa inayopakwa juu ya zege, imenifika hapa kooni. Naandika nikiwa nimekaa kwenye stuli ndani ya gereji yenyewe, naiangalia, yenyewe inaniangalia.

Nikisema gereji nasemea ya nyumbani, chumba cha kulaza gari, si ya mafundi. Gari moja, kabati la spana, baiskeli mbili ambazo hakuna anayeziendesha. Chini ilikuwa zege tupu tangu nyumba ijengwe na vumbi lilikuwa haliishi, unafagia leo unajaza kizoleo, kesho unafagia unajaza tena, kumbe unachofagia ni sakafu yenyewe inajisaga taratibu. Oili ikidondoka ndo imezama hiyo, sugua mpaka mkono uchoke. Nikasema basi, sasa naweka kitu cha kudumu.

Marumaru niliziacha mapema kwa sababu niliona kwa kaka yangu, alipiga jeki chini ya gari lake kigae kikalia ta! kikapasuka katikati, tulipokitoa tukakuta chini kuna uwazi, aliyeweka alipaka saruji madonge manne pembeni akaacha katikati pako tupu, sasa kigae chenye pengo chini na uzito wote wa gari umesimama kwenye kikanyagio cha jeki kilicho saizi ya kiganja, kitapona wapi. Nikaangalia na vile vigae vya plastiki vya kupachikana, vizuri kusema kweli, unapanga mwenyewe jioni moja, ila maji na mchanga vinapita kwenye maungio vinaenda kukaa chini huko. Mkeka wa vinaili nao matairi yanauachia madoa ya kahawia ambayo hayatoki hata ukilia. Ikabaki epoksi. Zile picha zake zile, sakafu inang'aa mpaka unaona taa za dari chini, mi nikaingia mzima mzima.

Fundi nilielekezwa na mtu, simtaji jina wala anakofanyia kazi, mwenyewe akisoma atajijua. Alikuja asubuhi na kijana wake mmoja, ndoo, rola na fagio. Nikamuuliza, fundi, hausagi kwanza? Maana nilikuwa nimesikia sikia kwamba zege linatakiwa kukwanguliwa juu na mashine ili rangi ipate pa kushika. Akacheka. "Mama, kusaga ni mambo ya viwandani, hapa tunaosha na sabuni inatosha." Nikanyamaza, yeye ndo fundi. Wakaosha, wakasukuma maji nje, wakakaa kama saa moja na nusu hivi, akaweka kiganja chini akasema imekauka hiyo. Sehemu pekee aliyogusa na grainda ni pale kona ya mlangoni ambapo zege lilikuwa limevimba mlango unakwaruza, hapo alisaga kama hatua mbili tatu, na alisaga kwa sababu ya mlango tu. Kumbukeni hiyo kona.

Kuchanganya nako kulikuwa sinema. Epoksi ni makopo mawili, rangi na hadina yake, yani dawa ya kuifanya ikaze, ukishavichanganya saa imeanza kuhesabu, una nusu saa hivi au pungufu kabla haijaanza kukaza, na ikiachwa imejaa kwenye ndoo inajipasha moto yenyewe. Yeye kachanganya yote kwa mpigo mmoja halafu simu ikaita, akatoka nje kuongea. Kurudi ndoo ya moto huwezi kuishika, rangi imekuwa nzito kama uji uliolala. Akamimina thina akakoroga wakaendelea. Mi nimesimama mlangoni naona yote haya na nimenyamaza. Hiyo ndo inaniuma zaidi kuliko hela.

Ilipokauka, jamani, ilipendeza. Siwezi kudanganya. Akapiga picha kama ishirini, kaweka na taa, kamwambia kijana apishe kivuli. Akaniambia kesho kutwa ingiza gari. Mi nikajiongeza nikasubiri wiki nzima, nikaingiza, na kwa wiki mbili tatu nilikuwa nikipita naenda jikoni lazima nifungue mlango wa gereji nichungulie.

Sasa siku hiyo nilitoka safari ndefu, jua kali, lami inachemka, nimefika usiku nimechoka nikaegesha nikalala. Asubuhi narudisha gari nyuma nikasikia mlio, sijui niueleze vipi, kama plasta inavyobanduliwa kwenye mguu wenye nywele, mara nne, kwa pamoja. Nikazima gari. Nikashuka. Pale matairi yalipolala pamebaki mabaka manne ya zege jeupe, saizi ya tairi kabisa mpaka michoro ya kashata inaonekana pembeni, na rangi yangu iko wapi? Iko kwenye tairi. Imeng'ang'ania huko kama kibandiko.

Niliibandua kipande kimoja nikakigeuza. Juu kinang'aa, kizuri kama kigae cha msikiti, chini kimejaa unga mweupe, ukipitisha kidole unatoka na unga kama umeshika chaki. Hapo ndo nilielewa kila kitu hata kabla sijamuuliza mtu. Ile rangi haikuwahi kushika zege. Ilishika ile ngozi laini ya juu, yale maziwa ya saruji yanayopandaga juu zege likiwa bichi, ambayo haina nguvu yoyote, ndo ile ile niliyokuwa nafagia kila siku. Yani kanipakia rangi juu ya vumbi. Tairi likiwa la moto linalainisha rangi linagandana nayo, likipoa linajikunja linaivuta, na rangi iliyoshikwa na vumbi itamshinda nani? Na wanaofanya kazi za epoksi wanalijua hili tatizo la matairi ya moto vizuri tu, si muujiza ulionitokea mimi peke yangu.

Nikampigia. Alikuja baada ya siku nyingi na simu nyingi, na hapa sasa ndo nilipotaka kufika, maana ya sakafu ningeweza kusamehe.

Hakuinama. Amesimama mlangoni na miwani yake ya jua, ndani ya gereji, anaangalia mabaka kwa mbali kama mtu anayeangalia ajali ya wengine. Akasema, "Matairi yako haya si mazuri." Nikamwambia matairi hayana hata miezi sita. Akasema basi utakuwa unakata usukani gari likiwa limesimama. Nikamwonyesha kile kipande na unga wake, nikamweleza kama nilivyowaeleza hapa, kwamba hapa hapakusagwa. Mtu kanisikiliza mpaka mwisho, katulia kabisa, halafu akaniuliza, "Mzee yupo niongee naye?"

Mzee gani? Gari langu, gereji yangu, simu niliyokupigia yangu, oili ya hili gari naimwaga mwenyewe nimelala chini kwenye hilo hilo zege, wewe unamtafuta mzee! Nikamwambia mzee ndo mimi. Akatabasamu. "Mama, haya mambo ya kitaalamu yana mambo mengi, usijichoshe." Na akaondoka, akaniambia niongeze hela apake koti ya pili "itafunika." Juu ya unga tena.

Kwa hiyo epoksi msinunue. Hivyo ndo nilitaka kuandika, nyota moja, kwaheri.

Ila ngoja. Kuna ile kona ya mlangoni. Baada ya yeye kuondoka nikiwa na hasira zangu nilichukua bisibisi bapa nikaanza kubandua sakafu nzima, inatoka kama maganda ya yai, mapande makubwa makubwa, unaingiza ncha unainua, tena mle katikati kulikuwa na malengelenge ambayo sikuyaona mwanzo, nafikiri ni yale maji ya kuoshea yaliyofungiwa chini yakitafuta njia. Nikafika kwenye kona. Bisibisi ikakwama. Nikaongeza nguvu, ikateleza nusura initoboe mkono. Nikachukua nyundo na patasi, nikagonga, kilichotoka ni kipande cha rangi kikiwa kimeng'oa na kokoto za zege nyuma yake. Yani zege limekubali kuvunjika kabla rangi haijaachia. Rangi ile ile, ndoo ile ile, hata thina ile ile, siku ile ile. Tofauti ni grainda tu.

Hapo nikakosa wa kumchukia. Nikaenda kwenye pipa la takataka nyuma, makopo bado yapo, nikasoma. Imeandikwa! Herufi ndogo lakini imeandikwa: sakafu isagwe au ikwanguliwe, iwe kavu kabisa, zege jipya lisubiri siku 28, usiongeze thina. Kopo lilikaa kwenye gereji yangu siku mbili kabla fundi hajafika na mi nililisogeza kwa mguu nikafagia chini yake.

Basi nikaanza upya mwenyewe. Nilikodi mashine ya kusagia, ile ya sahani yenye almasi, na kwa yeyote atakayefanya hivi, lile vumbi si la kuchezea, ni vumbi la mchanga laini linaloharibu mapafu, vaa barakoa ya maana si kitambaa, na funga kivutavumbi kwenye mashine. Hata hivyo nilitoka mle ndani nimekuwa sanamu. Kabla ya kusaga nilidondosha maji, tone likakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, halinywi. Baada ya kusaga tone lile lile likatanuka likanywewa papo hapo. Hilo nalo ni jaribio la dakika moja ambalo mtaalamu wangu wa mambo mengi hakuliona la maana. Nikabandika na karatasi ya nailoni chini, nikaizungushia gundi pande zote, nikaiacha siku nzima na usiku wake kuona kama unyevu unapanda kutoka ardhini, maana ukipanda hata usage vipi utapata malengelenge. Ikatoka kavu.

Sasa hivi nimepaka kipande kimoja tu, sehemu ya tairi la mbele kushoto, na kila siku naegesha hapo makusudi gari likiwa la moto. Wiki ya sita au ya saba hii, sina hakika. Haijatoka hata punje. Imeanza kuwa na rangi ya njano kidogo upande wa mlangoni jua linakoingia, hilo epoksi ndo zilivyo, zinataka koti ya juu ya polyurethane kama eneo lina jua, na hakuna aliyeniambia hilo pia lakini nimechoka kulalamika. Kwa hiyo nyota ngapi? Epoksi yenyewe ningeipa nne. Hapana, tatu, maana kitu kinachohitaji maandalizi hivi wangeandika kwa herufi kubwa mbele ya kopo badala ya picha ya gari jekundu. Na nikifikiria ile asubuhi ya mabaka manne inarudi moja. Sehemu iliyobaki bado ni kijivu tupu na sijaamua, kuna siku nasema nitapaka dawa ya kukaza zege tu lisitoe vumbi niachane na kung'aa, kuna siku nachungulia kile kipande changu nasema hapana, namalizia.

Jana nimefungua status, nani namwona? Fundi wangu. Kaweka picha za kazi zake na ya kwanza kabisa ni gereji yangu, ile siku ya taa, na kabati langu la spana linaonekana vizuri pembeni. Chini kaandika "kazi za kudumu." Nikamtumia picha ya mabaka manne nikamwambia weka na hii. Ameifungua, hajajibu mpaka sasa hivi ninavyoandika.