Kufungia mtandao mmoja au kuzima intaneti yote

Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini Tanzania. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti yote ikazimwa, ikaanza kurejea Novemba 3. Nazipinga hatua zote mbili, lakini uzito wake haulingani.

X ilipofungiwa, hapa Dodoma wengi tulihamia WhatsApp na Instagram. Wenye VPN, programu ya kupita kizuizi, waliendelea kuingia, ingawa kanuni za maudhui za 2020 zinakataza kufikia kwa njia hiyo yaliyozuiwa. Aliyeumia hasa ni mwenye kuhoji viongozi hadharani, na hilo si dogo kwa mji wenye Bunge.

Kuzima yote humgusa hata asiyejali siasa. Jirani yangu wa Majengo ni fundi cherehani. Vipimo na picha za mishono hupokea kwa WhatsApp. Siku hizo alikaa na kitenge kimekunjwa mezani, anaitazama picha aliyotumiwa: ukungu mtupu, kaduara kanazunguka, haifunguki. Pesa za simu kwa kubonyeza nyota na reli hazihitaji intaneti, lakini zina faida gani kama hakuna mshono wa kulipiwa?

Wanaotetea husema ni kuzuia uchochezi. Sawa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, ashitakiwe aliyeandika. Ukizima kila kitu, uvumi unabaki mtaani na hakuna pa kuuhakiki. Mimi nilikuwa natafuta habari za ndugu zangu Dar. Nilipiga simu hadi vocha ikaisha.