Uzoefu wangu wa kupanga rangi za chati katika LibreOffice Calc

Natumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu, kuandaa ripoti za mauzo ya matawi manne ya duka letu la jumla, yaani Kariakoo, Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto, na kwa kuwa ripoti hizo huchapwa steshenari kwa wino mweusi kabla ya kugawiwa kikaoni, rangi za chati ndizo ninazozikagua kwa makini kuliko kitu kingine chochote katika programu hii.

Rangi inazokuja nazo zinapendeza kwenye kioo cha kompyuta. Mistari minne ya kwanza hupewa bluu iliyokolea, nyekundu inayokaribia chungwa, njano na kijani. Karatasini mambo hubadilika: ile nyekundu na ile kijani, zikishageuzwa kijivu, zina mkolezo karibu sawa kabisa, hivyo Mbagala na Gongo la Mboto hazitofautishiki, huku njano ya Tegeta ikififia kwenye weupe wa karatasi. Isitoshe, nyekundu na kijani ndizo humtatiza mwenye upofu wa rangi, hali inayowapata zaidi wanaume, na kikao chetu kimejaa wanaume.

Kinachonifanya niendelee na programu hii, mbali na kwamba ni ya bure, ni kuwa orodha ya rangi 12 za kuanzia hubadilishwa mara moja tu kwenye mipangilio, sehemu ya chati. Nimechagua kutoka kwenye rangi 8 zilizopendekezwa na wanasayansi wa Japani, Masataka Okabe na Kei Ito, ili zitofautishike hata kwa wenye upofu wa rangi: nyeusi, bluu yenye namba ya rangi 0072B2 na chungwa yenye namba E69F00, ambazo hata bila rangi hupishana wazi kwa mkolezo. Mstari wa nne naufanya wa vidoti kwa mkono. Chati duara nimeacha kuitengeneza kwa ripoti hizi, maana vipande vyake kwa kawaida hutofautishwa kwa rangi tu.

Kasoro ninayoiona ni kwamba mpangilio huo hugusa chati mpya pekee. Za zamani hubaki na rangi zake hadi uzibadilishe moja moja. Vilevile mpangilio huo hukaa kwenye kompyuta yako tu, kwa hiyo mhasibu mwenzangu akitengeneza chati yake Tegeta, nyekundu na kijani zinarudi, mpaka naye aingie kwenye mipangilio ya mashine yake.