Mgodi wa chumvi wa Wieliczka, Poland: shuka kwa ajili ya wachimbaji

Ukifika Kraków, kusini mwa Poland, karibu kila hoteli ina kijikaratasi cha kutangaza mgodi wa chumvi wa Wieliczka, na picha ni ileile: kanisa linalong'aa chini ya ardhi. Picha hiyo haisemi uongo. Kanisa lipo, na ukiwa ndani yake ni zuri kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Lakini baada ya kushuka mwenyewe, ninaamini kwamba anayekwenda kwa ajili ya kanisa peke yake ataambulia nusu ya alicholipia. Kinachoutofautisha mgodi huu na vivutio vingine nilivyovitembelea Ulaya ni kazi iliyofanyika humo kwa zaidi ya miaka 700, na alama za kazi hiyo bado unaweza kuzishika kwa mkono.

Nilikwenda na shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kunitembelea kutoka Kigoma. Nilimchagulia safari hii kwa makusudi, maana ameishi Uvinza miaka mingi na chumvi anaijua. Wasiwasi wangu ulikuwa magoti yake.

Kufika ni rahisi. Panda treni stesheni kuu ya Kraków, shuka kituo cha Wieliczka Rynek-Kopalnia. Safari haifiki nusu saa, kisha unatembea kidogo. Tiketi ya mgeni imeshavuka zloti 100, na bei hubadilika kwa msimu, kwa hiyo iangalie kwenye tovuti ya mgodi wenyewe na uinunue mapema. Watu huingia kwa makundi, kila kundi na saa yake na lugha yake. Kiswahili hakimo, kwa hiyo tulichukua kundi la Kiingereza nami nikawa mkalimani. Begi kubwa liache hotelini. Vaa viatu bapa visivyoteleza na ubebe sweta, kwa sababu kule chini joto ni nyuzi 17 au 18 mwaka mzima, iwe juu kuna theluji au jua kali.

Safari inaanzia kwenye shimo la Daniłowicz, kwa ngazi za mbao. Vidato ni karibu 380, vinashuka kwa kuzungukazunguka hadi mita 64 chini ya ardhi, na huo ni mwanzo tu. Ukijumlisha vya safari nzima vinakaribia 800, na mwisho wa njia unakuwa mita 135 chini. Karibu vyote ni vya kushuka, na kurudi juu ni kwa lifti. Shangazi alishuka taratibu, mkono kwenye kishikio, nami mbele yake kidogo. Alipofika chini alipumua, akasema, "Haya mwanangu, nionyeshe hiyo chumvi."

Chumvi yenyewe mwanzoni huitambui. Ukuta ni wa kijivu kizito, kwa mbali una ukijani, na ungeambiwa ni mwamba wa kawaida ungekubali. Weupe unauona pembeni tu, pale maji yalipochuruzika yakakauka yakaacha vidonge vidonge. Mwongoza watalii wetu alisema anayetaka kuonja ukuta aonje. Vijana wawili wakapiga ulimi moja kwa moja. Shangazi aligusa kwa kidole, akakipeleka mdomoni, akanyamaza kidogo kama anayeonja mchuzi. "Ni chumvi kweli, ila ina udongo," akasema. Nilipomfikishia mwongoza watalii maneno hayo, alikubali: rangi ile ya kijivu inatokana na udongo na mchanga uliochanganyika na chumvi tangu bahari ya kale ilipokauka mahali pale, zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita.

Kutoka hapo shangazi hakuwa mgeni tena. Uvinza hakuna mgodi wa namna hii. Pale kuna chemchemi za maji chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha kwa zaidi ya miaka 1000 ili kupata chumvi iliyouzwa mbali sana kuzunguka Ziwa Tanganyika. Sasa sikia: Wieliczka nayo ilianza hivyohivyo. Maelfu ya miaka kabla mtu hajachimba shimo, wakazi wa eneo lile walikuwa wakichota maji ya chemchemi za chumvi na kuyachemsha kwenye vyungu vya udongo. Chemchemi zilipopungua nguvu wakachimba visima kuyafuata maji, na katika karne ya 13, wakiwa bado wanafuata maji, wakakutana na chumvi ya mawe. Shangazi aliposikia habari ya vyungu alinishika mkono akasema, "Kumbe na hawa walikuwa kama sisi." Sentensi hiyo iliifanya tiketi yangu istahili bei yake hata kabla hatujafika kanisani.

Wapolandi wana hadithi yao kuhusu ugunduzi huo, na utaikuta imechongwa kwa chumvi njiani. Kinga, binti wa mfalme wa Hungaria, alikuwa anaolewa na mtawala wa Poland, Bolesław. Akamwomba baba yake chumvi iwe zawadi ya kwenda nayo kwa mume, akatumbukiza pete yake katika mgodi wa chumvi wa kwao. Alipofika Poland aliwaamuru watu wachimbe, na katika bonge la kwanza la chumvi pete ikaonekana. Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye alikuwa askofu mkuu wa Kraków, alimtangaza Kinga kuwa mtakatifu mwaka 1999.

Hadithi ni nzuri, lakini mimi nilivutwa zaidi na vyumba vinavyoonyesha kazi. Kimoja kina sanamu za watubu. Hilo ndilo jina walilopewa wachimbaji waliotangulia kuingia ili kuchoma gesi ya methani. Gesi hiyo hukusanyika juu, darini, na ikiwa nyingi hulipuka. Basi mtu alivaa nguo zilizoloweshwa maji, akatambaa tumbo chini ameshika mti mrefu wenye moto kwenye ncha, akiunguza gesi kidogo kidogo kabla haijawa nyingi ya kuua. Akikosea kipimo, harudi. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu wote wa kundi. Watu wanapozungumzia utajiri wa Poland ya kale wanataja wafalme, na ni kweli kwamba katika karne ya 14, wakati wa Kazimierz Mkuu, chumvi ilileta karibu theluthi moja ya mapato ya taji. Chuo kikuu cha Kraków, kilichoanzishwa mwaka 1364, kiliwalipa walimu wake kwa fedha za chumvi hiyo. Mwanafunzi aliyesoma pale hadi leo anadaiwa shukrani na mtu aliyetambaa gizani na moto mkononi.

Na farasi. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 16 farasi walishushwa humu kuzungusha winchi kubwa za mbao za kuinua chumvi na kuvuta mabehewa. Mazizi yao yalikuwa humohumo chini, na wengi walimaliza miaka wakila, wakilala na kufanya kazi bila kuona jua. Farasi wa mwisho, jike aliyeitwa Baśka, alitolewa mwaka 2002. Ni juzi tu. Winchi zenyewe zipo bado, nzima, kwa sababu hewa ya chumvi huhifadhi mti badala ya kuuozesha. Magogo yanayoshikilia dari mengine yamepangwa kwa mamia, moja juu ya jingine, hadi juu kabisa. Katika chumba cha Michałowice, chenye kimo cha mita 35 hivi, yamepakwa rangi nyeupe ili mwanga mdogo wa taa za zamani usipotee. Yeyote mwenye fundi seremala katika ukoo wake ampeleke pale.

Ndipo unafika kwenye kanisa la Mtakatifu Kinga, mita 101 chini ya ardhi. Kwanza unalitazama kutoka juu, kwenye roshani, na kundi zima huacha kuzungumza. Lina urefu wa mita 54, upana wa mita 18, na kimo cha karibu mita 12. Kila kitu unachokiona ni chumvi: sakafu iliyokatwa ionekane kama vigae, altare, sanamu, michoro ya ukutani, hata vinara vikubwa vya taa vinavyoning'inia, ambavyo vimetengenezwa kwa fuwele za chumvi safi iliyoyeyushwa na kugandishwa upya ili ipitishe mwanga. Kupata nafasi hiyo zilitolewa tani 20,000 za chumvi.

Lakini ukiwa pale uliza nani alichonga. Kazi ilianza mwaka 1896 mikononi mwa mchimbaji Józef Markowski, ikaendelezwa na ndugu yake Tomasz, kisha Antoni Wyrodek akaishika hadi miaka ya 1960. Watatu hao walikuwa watu wa mgodini. Mchoro wa Karamu ya Mwisho ni wa Wyrodek. Umechongwa kina kidogo tu ukutani, lakini ukisimama mbele yake utaapa kwamba chumba kile kinaingia ndani mita kadhaa. Mgodi huu uliingia katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka 1978, yenye maeneo 12 tu. Lalibela ya Ethiopia ilikuwa katika orodha hiyohiyo, na sioni kama ni bahati: huku na kule, waumini walichukua mwamba waliokuwa nao wakaufanya nyumba ya sala. Misa husomwa pale kila Jumapili. Shangazi alipiga magoti mbele ya altare, yale magoti niliyoyahofia, na nilimwacha hadi aliponyanyuka mwenyewe.

Baada ya kanisa kuna maziwa ya chini ya ardhi, maji yake yakiwa na karibu gramu 320 za chumvi kwa lita, na taa na muziki wa Chopin, ambaye naye aliwahi kutembelea hapa. Yanapendeza. Kuna mgahawa na maduka pia. Chumba cha Staszic, chenye kimo cha mita 36, kitazame vizuri. Wakati unapita huko kumbuka kwamba mwaka 1944 Wajerumani walitaka kuugeuza mgodi huu kiwanda cha vipuri vya ndege, na wakawaleta wafungwa wa Kiyahudi kutoka kambi ya Płaszów kufanya kazi. Hata hiyo ni sehemu ya historia ya kazi humu, na isipotajwa na anayewaongoza, muulizeni.

Jambo moja zaidi lilinigusa: mgodi huu unalindwa kila siku. Adui wake ni maji. Chumvi ikiguswa na maji matamu inayeyuka, na pumzi za wageni nazo ni unyevu. Ingia kanisa dogo la Mtakatifu Antoni, lililochongwa mwishoni mwa karne ya 17, uone watakatifu waliopoteza nyuso na vidole kwa unyevu wa karne tatu. UNESCO iliuweka mgodi katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini kuanzia 1989 hadi 1998, hadi mitambo ya kukausha hewa iliposimikwa. Mwaka 1992 maji yalifurika ndani kwa nguvu, na mwaka 1996 uchimbaji wa kibiashara ukakoma. Bado wapo wachimbaji wanaoshuka kila siku, lakini sasa kazi yao ni kuziba, kuegemeza na kusukuma maji nje. Maji hayo huchemshwa, yakatoa chumvi ya kuuza. Kwa hiyo Wieliczka imerudi kwenye kuchemsha maji chumvi, kazi ileile iliyoanza nayo, kama ya Uvinza.

Tulitembea saa tatu hivi, na njia yote ya watalii ni kama kilomita 3.5. Hiyo haifiki hata asilimia 2 ya mapango na vichuguu vilivyomo, vinavyopita kilomita 245. Mwisho wa njia wengi hukimbilia lifti. Usiende nao. Makumbusho ya humohumo chini yana winchi za farasi, vifaa na ramani za kale, na kwangu ni sehemu bora kuliko maziwa na taa zake.

Je, mzee anaweza? Shangazi, mwenye umri wa kuitwa bibi, aliweza, kwa kuwa vidato ni vya kushuka na kuna mahali pa kupumzika. Asiyeweza ngazi kabisa, au anayetumia kiti cha magurudumu, aandikie mgodi kabla ya kununua tiketi, kwa sababu ipo njia fupi inayopangwa kwa miadi. Anayeogopa mahali pa kubana asihofu sana: vyumba ni vikubwa kuliko anavyowaza, na penye kubana kweli ni lifti ya kurudi, ya wachimbaji, nyembamba na yenye giza, inayopanda kwa kasi. Mtoto mdogo sana mwacheni juu.

Mwenye siku ya ziada aende pia Bochnia, mgodi jirani ulioongezwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2013. Na pale Wieliczka ipo njia nyingine, ya wachimbaji, inayoanzia shimo la Regis: unavaa ovaroli, kofia ngumu na taa, unapewa kazi ndogo za mgodini badala ya kutazama tu. Nikijaliwa kurudi nitashukia huko, na shangazi ameshasema tutakwenda naye.