Ilichonipa na Ilichoninyima: Miaka Mitatu na Bima Yenye Fao la Afya ya Akili

Niliinunua bima hii nikiwa na miaka 23, mzima wa mwili na akili, na nusura nikifute kile kipengele ambacho leo ndicho kinachonifanya niandike. Umri ulikuwa umenitoa kwenye bima ya wazazi. Wakala alinisomea mafao kwa simu, moja baada ya jingine: kulazwa, matibabu ya nje, meno, macho, kisha akasema, "Na afya ya akili, hili ni la hiari." Likiongezwa, mchango wa kila mwezi ulipanda kwa karibu sehemu ya kumi. Nikamwambia aliache. Shangazi yangu, muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye wodi ya magonjwa ya akili, alikuwa amekaa pembeni yangu akisikiliza. Akasema, "Mwanangu, kama lazima ufute kitu, futa meno. Hilo la akili libaki." Nikafuta meno.

Sikumwelewa siku ile. Nilidhani fao hilo ni la mtu ambaye tayari anaumwa. Baadaye ndipo nikasoma kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliona nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na robo tatu huwa yameshaanza anapofika 24. Maana yake ni kwamba miaka ile tunayojiona hatuhitaji bima kwa sababu damu inachemka, ndiyo miaka ambayo maradhi haya hubisha hodi. Moyo na figo kwa kawaida husubiri uzee. Akili haisubiri.

Mkataba wangu ulikuwa na kipindi cha kusubiri cha miezi 10 kwa fao hili. Ndani ya miezi hiyo unalipa mchango kama kawaida lakini ukienda kwa mtaalamu wa akili unajilipia. Ulisema pia kwamba ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga haulipiwi. Wakala aliyapitia haya mbio mbio, na mimi sikumsimamisha. Nashukuru tu kwamba mimi niliugua mwezi wa 14.

Nilikuwa nachora ramani za majengo ofisini, kazi ninayoipenda. Nikaanza kuamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi alfajiri, kila siku, wiki baada ya wiki. Vipimo vya milango na madirisha nikawa navikosea, mimi ambaye nilikuwa napewa michoro ya wenzangu niihakiki. Simu ya mama ikiita naitazama mpaka inyamaze. Sikulia, wala sikuona huzuni ya kueleweka. Niliona uzito tu, kama nguo iliyolowa ambayo huwezi kuivua. Nilijiambia ni uchovu wa kazi, na ningeendelea kujiambia hivyo kama kumwona daktari wa kawaida kungenigharimu pesa nyingi. Lakini nilikuwa na kadi, na ninacholipa mwenyewe kila ninapomwona daktari ni asilimia 10 tu ya bili. Nikaenda kulalamika kuhusu usingizi.

Daktari alinipima damu kwanza, kuona kama nina upungufu wa damu, na kupima tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, kwa sababu ikilegea huweza kuleta uchovu na huzuni zinazofanana sana na sonona, ule ugonjwa wa akili unaomdidimiza mtu wiki hadi wiki. Majibu yalikuwa safi. Kisha akanipa karatasi yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, mawazo ya kutaka kufa. Alama za juu kabisa ni 27. Nilipata 17. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba nina sonona, akaandika rufaa kwa mwanasaikolojia na kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Saa moja ya mwanasaikolojia yule ilikuwa sawa na michango yangu ya bima ya karibu miezi miwili. Mkataba unalipia vipindi 12 kwa mwaka. Piga hesabu: vipindi 12 ni thamani ya michango ya miezi 24, na mimi wakati ule nilikuwa nimelipa ya miezi 14. Sisemi kwamba bima ni ya kupata faida. Nasema kwamba kwa mshahara niliokuwa nao ningehudhuria vipindi viwili, labda vitatu, kisha ningeacha nikisema nitarudi mambo yakikaa sawa. Na tiba ya mazungumzo haifanyi kazi hivyo. Vipindi vitatu vya kwanza vyote nilikuwa bado najifunza kusema kinachonisumbua. Kitu kilianza kulegea kwenye kipindi cha sita.

Kwa hilo peke yake ningeisifu bima hii bila kusita. Yako mengine, na kijana anayefikiria kununua anastahili kuyajua.

La kwanza ni orodha ya wataalamu. Waliponitumia majina ya wanasaikolojia wanaopokea kadi yao, nilichagua watatu wa kuwapigia. Mmoja alikuwa amehama. Wa pili alisema ameacha kupokea bima hiyo. Wa tatu, aliyenisaidia mwishoni, alikuwa na foleni ya wiki tano. Mtu mwenye sonona kupiga simu tatu ni kazi nzito kuliko anavyoweza kufikiri mtu mzima wa afya. Baada ya ile simu ya pili niliweka chini nikalala mchana kutwa. Aliyepiga ya tatu ni shangazi. Kabla ya kusaini, chukua orodha yao, chagua majina matatu, uwapigie ungali na nguvu. Ukikuta watatu wote hawapatikani, fao hilo ni la kwenye karatasi tu.

La pili lilinikera zaidi. Bima yangu huidhinisha vipindi vinne vinne, na kwa kila fungu la vinne mtaalamu anajaza fomu yenye msimbo wa ugonjwa. Fomu ya kwanza ilikuwa na F32, ambao kwenye uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, ni sonona. Fomu ya pili mwanasaikolojia aliandika Z73.0, yaani kuchoka kupita kiasi, kwa sababu tulikuwa tumezungumza sana habari za kazi. Nia yake ilikuwa njema. Alidhani ananikinga na jina zito. Bima wakakataa: kuchoka si ugonjwa. Na kwa uainishaji huo hawakukosea, maana hata toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika Januari 2022, linaliweka jambo hilo kuwa hali itokanayo na kazi na si maradhi. Lakini mimi nilikuwa yule yule, na sonona ile ile, na kipindi changu cha tano kikafutwa asubuhi ya siku yenyewe. Niliandika barua ya rufaa, daktari wa magonjwa ya akili akaambatisha maelezo yake, na siku ya tisa wakakubali. Siku tisa si nyingi kwa ofisi. Kwangu zilikuwa nyingi mno. Tangu hapo naomba kuiona fomu kabla haijatumwa, na hakuna mtaalamu aliyewahi kukasirika.

Dawa zilienda vizuri. Daktari alinianzishia dawa ya sonona iitwayo sertralini, akaniambia mapema kwamba tumbo linaweza kuchafuka siku za mwanzo na kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo nisikate tamaa wala nisiache ghafla. Kichefuchefu kilikuja, kikapita. Wiki ya tano nikalala usiku mzima. Alisisitiza niendelee nayo si chini ya miezi sita baada ya kupata nafuu, ili ugonjwa usirudi, na hapo ndipo nilipoona maana ya kuuliza kama dawa za akili zina kikomo chake au zinakatwa kwenye fungu moja na dawa nyingine zote za matibabu ya nje. Zangu zinakatwa fungu moja. Mwaka ule sikuugua kitu kingine, fungu likatosha.

Vipindi 12 havikutosha. Mwanasaikolojia alipanga 18, na mwaka wa bima ulikuwa umebakiza miezi saba uanze upya. Tulivisambaza vilivyobaki, vinne nikajilipia, kimoja kwa mwezi, viwili vikasubiri mwaka mpya. Nilishangaa kusoma kwamba mkataba huo huo uko tayari kulipia siku 30 za kulazwa hospitali ya akili. Yaani ukizama kabisa watakulipia kitanda, lakini saa chache za ziada za kukuzuia usizame, hapana. Vijana wengi hawatalazwa kamwe. Wanachohitaji ni mtu wa kuzungumza naye kila wiki, kwa miezi. Kwa hiyo ukilinganisha bima mbili, usidanganyike na kiasi kikubwa kilichoandikwa kwenye kulazwa. Uliza vipindi vya nje ni vingapi.

Na kuna mstari mmoja nilioukuta ukurasa wa mwisho wa mkataba, kati ya mambo yasiyolipiwa: majeraha ya kujidhuru mwenyewe. Niliusoma mara tatu. Kujidhuru ni dalili ya ugonjwa ule ule ambao wamechukua pesa yangu wakiahidi kuutibu. Kijana aliyejaribu kujiua akaokolewa, familia yake itaachiwa bili ya chumba cha dharura juu ya hofu waliyo nayo. Niliwaandikia kuuliza sababu, wakanijibu kwamba ndivyo masharti yalivyo. India, sheria ya afya ya akili ya mwaka 2017 inawataka watoa bima waulipie ugonjwa wa akili kwa misingi ile ile ya ugonjwa wa mwili. Marekani wana sheria ya mwaka 2008 inayokataza bima yenye fao hili kuliwekea vikomo vikali kuliko vya matibabu mengine. Inawezekana, basi. Ukipata mkataba usio na mstari ule, uchague huo hata kama mchango umezidi kidogo.

Chagua vizuri mara ya kwanza, kwa sababu kuhama baadaye ni kugumu. Mimi sasa nina sonona kwenye rekodi. Nikienda kwa mtoa bima mwingine, kwake huo ni ugonjwa uliokuwepo kabla. Nimeuliza kwa wawili: mmoja anataka nisubiri miaka miwili, mwingine hataki kabisa. Kwa hiyo nimebaki, na nalipa mapema kila mwezi nisije nikakatwa nikaanza kusubiri upya.

Rafiki yangu ambaye bima yake inalipwa na mwajiri aliogopa kutumia fao hili, akihofia bosi ataona. Alimwomba mtoa bima amjibu kwa maandishi ni taarifa gani humfikia mwajiri. Jibu lilikuwa idadi ya madai na jumla ya gharama, bila majina wala maradhi. Ndipo akaenda. Yangu ni ya binafsi, hofu hiyo sikuwa nayo.

Naipa bima hii nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu ya mwisho ni ya dada wa huduma kwa wateja aliyenipigia baada ya rufaa kukubaliwa, akaniambia niende siku ile ile nisingoje barua. Nyota moja na nusu nimezizuia mpaka wasafishe orodha yao ya wataalamu na waufute ule mstari.

Sasa nina miaka 26. Mwaka huu nimetumia vipindi vinne kati ya 12, michoro yangu inatoka sawa, na simu ya mama naipokea. Mdogo wangu ametimiza 22 na bima ya wazazi inamtoa mwezi ujao. Jana usiku tulikaa na fomu yake mezani, kalamu mkononi, akaniuliza kama hilo la akili ni la lazima. Nikampa simu ampigie shangazi.