Vichongeo vya kale vya risasi za penseli: kipi ununue kwanza, kipi ukiache kwa muuzaji

Asiyekijua kichongeo hiki hudhani ni kikopo cha vidonge. Ni cha buluu, kinaenea kiganjani, kifuniko chake kinazunguka, na juu kina tundu moja kubwa na mengine mawili madogo. Wachora ramani wa zamani walikaa nacho mkono wa kulia, karibu na raba. Ulikuwa ukiingia ofisini unawasikia kabla hujawaona: krr, krr, krr, halafu kimya, mtu ameshainamia mstari wake.

AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, ilitoka Desemba 1982, na kadiri ofisi zilivyohamia kwenye kompyuta ndivyo droo zilivyomwagwa. Ndiyo maana leo vichongeo hivi vinaonekana kwenye minada ya mtandaoni ya Ujerumani na Marekani, na mara mojamoja huku kwetu ndani ya boksi la vifaa vya marehemu fulani, vikiwa chini ya bikari na rula. Wengi wananiuliza wachukue kipi. Jibu langu huanza na swali: unatumia penseli gani?

Kama ni ile ya kubonyeza ya milimita 0.5, funga mkoba wako, haichongwi. Vichongeo hivi ni vya penseli ya taya, ile ambayo ukibonyeza kitako taya za mbele zinaachia na risasi nene ya milimita 2 inateleza nje. Tunaiita risasi, lakini ni grafiti iliyochanganywa na udongo, kwa njia aliyoipatia Mfaransa Nicolas-Jacques Conté hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, risasi inakuwa ngumu: 2H, 4H na kuendelea. Risasi nene namna hiyo haiwezi kutoa mstari mwembamba mpaka inolewe, na kwenye mchoro mmoja wa nyumba utainoa mara nyingi kuliko utakavyokunywa chai.

Mimi hupanga vichongeo kwa kuangalia kinachochakaa. Mwili wa kitu cha kale waweza kung'aa kama jana, lakini kama sehemu inayokula risasi imekwisha na haipatikani tena, umenunua pambo la meza.

Namba moja: Staedtler Mars 502

Ndicho kikopo cha buluu nilichoanza nacho. Staedtler ni kampuni ya Nuremberg, ipo tangu 1835. Ndani mna kipande cha chuma kigumu chenye meno madogo; unachomeka penseli kwenye tundu kubwa, unaizungusha na kifuniko kinafuata. Chuma hicho hakiishi upesi, na hapo ndipo kinapowashinda wenzake. Nina kimoja ambacho kimenitangulia kuzaliwa, na risasi ya 4H bado inatoka na ncha ya sindano.

Yale matundu mawili madogo ndiyo wauzaji wengi hawajui kuyaeleza. Ni vipimo. Unaisimamisha penseli juu ya tundu, unabonyeza kitako ili risasi ishuke mpaka igonge mwisho, unaachia. Sasa risasi imetokeza kwa urefu unaotakiwa. Tundu moja ni la ncha ndefu nyembamba, la pili ni la ncha fupi yenye nguvu. Ukiruka hatua hii, risasi inakuwa fupi mno haigusi meno, au ndefu mno inavunjika ndani, nawe unakilaumu kichongeo bure.

Kuna pia kijisponji cha kufutia ncha. Kwenye vikopo vya kale mara nyingi kimeshaliwa au kimekuwa jiwe jeusi. Kisikuzuie kununua, kitambaa chakavu kinafanya kazi ileile. Lakini ufute kweli! Ncha iliyotoka kuchongwa imebeba unga, na mstari wa kwanza utachafua karatasi.

Kasoro yake ni wepesi. Plastiki haina uzito, mkono mmoja unazungusha na wa pili lazima ukishike.

Namba mbili: kibao cha msasa

Najua mtu atacheka. Ni ubao mwembamba wenye mpini, juu yake vipande vya msasa laini vimepangwa kama kalenda ya kuchana. Cha juu kikiziba unakibandua. Hicho cha kale ukikipata msasa wake umekwisha, gundisha msasa wa dukani, kazi inaendelea. Bei yake ni ndogo, na fundi seremala yeyote atakutengenezea.

Nimekiweka juu kwa sababu moja: ni chenyewe peke yake hapa kinachotoa ncha bapa, kama patasi. Ncha ya mviringo unapovuta mstari mrefu inachakaa na mstari unanenepa mwishoni, ndiyo maana wachoraji huizungusha penseli vidoleni wakiwa wanavuta. Ncha ya patasi inavuta mstari mrefu bila kunenepa upesi. Na vumbi lake? Linaruka kila mahali. Noa mbali na karatasi, gonga kibao nje ya dirisha.

Namba tatu: Tru-Point

Hiki cha Kimarekani ndicho kinachowapa watu mapenzi ya ghafla. Ni bakuli la chuma zito, penseli inazama ndani na inazungushwa kama mchi kwenye kinu kidogo. Uzito wake unakiweka mezani palepale, mkono mmoja tu unatosha. Kwa raha ya kutumia, kinakipita hata kile cha buluu.

Tatizo ni kwamba hakina meno. Ndani ya bakuli mna mkanda wa msasa uliozungushwa ukutani, nao ndio unaokula risasi. Ukisha, unahitaji mwingine wenye umbo lake. Wapo wanaojikatia wenyewe: toa mkanda uliochakaa, ulaze juu ya msasa mpya, fuatisha kwa penseli, kata. Kama mkanda wa zamani haumo kabisa ndani ya bakuli, huna cha kufuatisha, basi punguza bei au ondoka.

Cha kwangu nilikiagiza kutoka mbali, na muuzaji hakukimwaga kabla ya kukifunga. Nilifungua boksi juu ya meza yenyewe, pembeni ya mchoro wa ghorofa mbili niliokuwa nimeumaliza usiku. Unga wa miaka ya watu wengine ulimwagika kutoka kwenye chumba cha kulia chakula mpaka ngazi. Nilipojaribu kuufuta ndipo nilipoupaka vizuri. Tangu siku hiyo kila muuzaji namwandikia: mwaga kwanza, funga ndani ya mfuko wa plastiki. Uzito nao unaongeza nauli, kwa hiyo piga hesabu ya posta kabla ya kushangilia bei.

Vingine kwa ufupi

Turquoise za Eagle, kampuni ambayo baadaye ilijiita Berol, ni imara na zilisambaa sana Marekani. Ukiipata karibu, chukua. Kuifuata ng'ambo sioni sababu wakati 502 ipo.

Penseli nyingi za taya zina kichongeo kidogo ndani ya kitako: unakichomoa, unazungusha risasi ndani yake. Ni cha dharura ukiwa kwenye kiwanja cha ujenzi. Mchoro wa ofisini usiutegemeze hapo.

Kabla hujatoa hela

Omba picha ya ndani, kwa sababu ya nje haikuambii kitu. Ukiwa nacho mkononi, zungusha kifuniko bila penseli: kikikwama mahali palepale kila mzunguko, yawezekana kuna kipande cha risasi kimenasa, na hicho hutoka kwa sindano. Kikilegalega huku na huku, ncha itatoka imepinda, mwachie muuzaji. Nenda na penseli yako, maana pua nene haziingii kila tundu, na uwe na risasi ya 2H. Zungusha bila kukandamiza. Mwanzo utahisi mkwaruzo, halafu mkono unakuwa mwepesi ghafla. Hapo ncha imekamilika. Wepesi huo usipokuja, meno au msasa umekwisha.

Ukikifikisha nyumbani, usikimwagie karibu na kompyuta, maana grafiti inapitisha umeme. Lakini unga wote usiutupe. Weka kidogo kwenye karatasi iliyokunjwa, upulize ndani ya tundu la kufuli la shaba linalogoma, ingiza ufunguo, zungusha mara tatu.